Mafuta ya Kondoo Kwenye Bomba la Pikipiki

Mmenichokoza wenyewe, basi nitasema, ingawa aibu ile nimeikalia miaka na nikiikumbuka bado damu inanichemka: mimi Twalibu, niliyefunga siku hiyo tangu daku, niliitwa kobe, yaani mtu wa kula mchana wa Ramadhani kwa kujificha, mbele ya wakwe zangu na majirani zao wote.

Uhuru ulikuwa bado mchanga. Nilikuwa nachukua samaki Osieko na kuuza Busia kwa pikipiki kuukuu, na tope la ile njia ya ziwani, pamoja na maji ya samaki yaliyokuwa yakichuruzika kutoka kwenye kapu, vilikuwa vimelila bomba la moshi likawa jekundu kwa kutu. Sasa siku hiyo nilikuwa napeleka futari Malaba kwa Mzee Juma, fundi cherehani, baba yake Zainabu mchumba wangu (posa ilishapokelewa, ilibaki siku ya ndoa tu, na mzee aliahidi kuitaja jioni hiyo tukishafuturu). Ningeendaje na bomba lile? Nikalisugua kwa jivu na msasa asubuhi nzima, kwa kiu ile, mpaka likang'aa.

Ekisa, jirani yangu Mteso aliyekuwa akitengeneza baiskeli, akaniambia nilipake oili kidogo tu kwa kitambaa, nipanguse, kutu isirudi. Mimi nikaona oili itanichafulia kanzu nyeupe. Mjuaji mimi! Nikaingia jikoni kwa mama, nikachota mafuta ya mkia wa kondoo, nikalipaka bomba zima kwa ukarimu.

Sikuwa nimefika mbali na Busia bomba likapata moto, na wallahi, barabara nzima ikanuka nyama ya kuchoma. Mbwa wakanifuata. Nikasimama kulipangusa kwa kiganja, nikaungua, na kwa ujinga wangu nikakitia kiganja mdomoni kukipoza (msicheke, hata nyinyi mngefanya hivyo), na mafuta yakabaki kwenye midomo bila mimi kujua. Malaba, kwenye foleni ya malori, taniboi mmoja, utingo wa lori, aliyekuwa amefunga akanitazama mdomo, akasonya, akageuza uso. Nikadhani ana shida zake.

Nikafika kwa Mzee Juma jua likiwa linakaribia kuzama. Wazee wamekaa barazani na tende mbele yao, wanasubiri adhana. Nikatoa salamu, nikamkabidhi mama mkwe kapu la futari: chapati, kunde, samaki wa kukaanga, vyote vya mkono wa mama yangu. Salamu ikaitikiwa nusu nusu. Jirani mmoja akavuta pumzi kwa pua, akaniangalia midomo, akasema kwa sauti kwamba makobe wa siku hizi wanasafiri kwa pikipiki. Watu wakacheka. Mzee Juma hakucheka.

"Kijana," akasema, "hata kujipangusa umeshindwa?"

Nikaapa. Nikaeleza habari ya kutu, jivu, mkia wa kondoo, na kadiri nilivyoeleza ndivyo ilivyozidi kusikika kama uongo. Nikawaambia basi njooni mnuse bomba. Na wakaja! Watu wazima, wamefunga, wakapanga mstari nyuma ya pikipiki yangu, mmoja mmoja anainama, ananusa, anameza mate. Mzee Juma akanusa wa mwisho, akaguna, akasema ni kweli, harufu inatoka hapa.

Hapo ndipo ningeshukuru Mungu nikae. Lakini nilikuwa nimechemka kuliko bomba lenyewe. Nusu saa nimeitwa kobe, na hakuna hata mmoja aliyesema pole! Nikaingia barazani na viatu, nikalitoa kapu miguuni kwa mama mkwe, nikasema kama chakula cha kobe hakifai, basi kobe atakula mwenyewe. Zainabu alikuwa mlangoni na birika la uji. Aliniita kwa jina langu mara moja, pole pole, nami sikugeuka.

"Twalibu," akasema Mzee Juma, "saumu yako nimeikubali. Lakini mtu wa kuwanyang'anya waliofunga futari yao, mimi simpi binti yangu."

Adhana ilinikuta njiani kurudi, kabla ya Amukura. Nikafuturu peke yangu ukingoni mwa barabara, na chapati zilikuwa za watu kumi. Kabla ya Idi ya mfungo tatu, ile ya kuchinja, Zainabu akaolewa na karani wa reli.

Mpaka leo nasema walinionea, na atakayebisha tutagombana hapa hapa. Ila chakula kikishatoka mkononi mwangu kwenda kwa mtu, sikirudishi tena, hata anitukane mpaka asubuhi.