Miguu Huoshwa Mama Akiwepo

Nilipomaliza kidato cha nne Lodwar nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nilijiona najua watoto. Mimi ni mzaliwa wa kwanza kati ya wanane. Magauni yangu yote yalichakaa mgongoni kabla ya kuchakaa mahali pengine, kwa sababu mgongoni daima palikuwa na mtu. Kwa hiyo nilipopata kazi ya kulea watoto katika kituo kimoja kambini Kakuma, nilipanda gari nikiamini nakwenda kulipwa kwa jambo nililolifanya bure maisha yangu yote.

Kituo kilikuwa chumba kimoja cha udongo na bati, ua wa miiba, stoo ndogo ya unga, na jiko la nje. Mkuu wetu alikuwa mwanamke mnene kutoka Kongo, mkimbizi wa miaka mingi, mwenye sauti nzito na mikono iliyonukia sabuni ya kipande. Sote tulimwita Mama. Masharti yake yalikuwa machache na hakuyaandika popote. Mlango ukae wazi mchana kutwa, hata upepo ukileta vumbi. Ukibaki peke yako na watoto, ita mtu. Na moyo ukipanda kwa hasira, shika dumu uende bombani, hakuna atakayekuuliza.

"Hata wewe, Mama?" nilimuuliza siku ya kwanza.

"Miye zaidi," alinijibu. "Miye niko na damu moto. Hii dumu inanijua."

Na kweli, mara mbili tatu kwa wiki tulimwona akitoka na dumu la njano huku ameuma midomo, ilhali sote tunajua bomba lilikauka tangu asubuhi. Alirudi na dumu tupu, uso umelainika, akaendelea kumlisha mtoto yule yule aliyekuwa amemtemea uji kifuani.

Sharti lililonishangaza lilikuwa la miguu. Kila jioni tuliosha miguu ya kila mtoto katika beseni, mama yake akiwa amesimama pale pale. Si kabla hajafika. Maji yalikuwa ya shida, na mimi nilinung'unika kimoyomoyo: miguu hii itajaa vumbi kabla ya kufika nyumbani. Nilidhani ni madaha ya Kikongo. Lakini akina mama waliipenda saa hiyo. Waliegemea ukuta wakasimuliana habari za soko, watoto wakicheka kwa kutekenywa, na kitambaa kikipanda kutoka nyayo hadi magoti, kutoka vidole hadi mabega, kila kitu kikaonekana na mwenye mtoto. Siku hizi niko Lodwar tena, na dada yangu akitafuta pa kumwacha mwanawe mimi hufuatana naye. Sitazami michoro ukutani. Nauliza nani huosha watoto, na saa ngapi.

Kati ya watoto wetu alikuwamo msichana wa miaka mitatu, binti wa mwanamke wa Sudan Kusini aliyeuza chai sokoni. Huyu alinichagua mwenyewe. Hakulala mchana mpaka ashike sikio langu, na mimi nililala naye nusu saa nzima shingo imepinda, nikiona fahari. Ila alikuwa mtoro. Nyuma ya ua kulikuwa na laga, mto mkavu, na mchanga ule mweupe ulimvuta kama sukari.

Siku moja mlezi mwenzangu aliugua, Mama yuko jikoni anakoroga uji, mimi peke yangu na watoto kumi na wanne. Upande wa milima mawingu yalikuwa meusi, na sisi tuliokulia huku tunajua laga inaweza kujaa maji huku jua linakuchoma utosini. Mtoto akatoroka, nikamrudisha. Akatoroka tena, nikamrudisha. Mara ya tatu nilimvuta mkono kwa nguvu kuliko nilivyokusudia. Alinitazama tu, hakulia. Dumu lilikuwa pale mlangoni. Mama alikuwa hatua kumi kutoka kwangu. Lakini kwetu binti mkubwa hasemi kwamba mtoto amemshinda.

Nilichofanya nilikuwa nimekifanya mara nyingi kwa nyanya yangu, Lorugum. Asubuhi mbuzi wakienda malishoni, vitoto vyao hubaki nyumbani vimefungwa mguu mmoja, vimepangwa kivulini visije vikapotea au kuliwa na mbweha. Nyanya alinifundisha fundo lisiloumiza. Nikachana ukingo wa leso yangu, nikamfunga mtoto kifundo cha mguu kwenye mguu wa meza, kwa fundo lile lile. Nikampa kifuniko cha sufuria achezee. Nikajiona nimefanya jambo la busara.

Wenzake wakaja kumtazama. Mmoja akalia kama mbuzi, wote wakafuata, wakamzunguka wakilia mee, mee. Hapo ndipo alipoangua kilio, akajivuta mpaka meza ikasogea. Nikamfungua. Kifundoni palibaki duara jekundu lenye vumbi.

Nikachukua beseni.

"Mama yake amefika?" Mama aliuliza kutoka jikoni.

"Bado."

"Sasa unaosha nini?"

Alikuja, akachuchumaa, akauona mguu, akaiona leso mezani. Alifika mlangoni akashika dumu, kisha akasimama. Hapakuwa na mtu wa pili. Hakuweza kuniacha na watoto. Alilirudisha chini akalikalia, akapumua hapo hapo mpaka pumzi ikatulia, na sijaona aibu kubwa kuliko ile.

"Ni fundo la mbuzi," nilisema. "Haliumi. Niliogopa laga."

"Mbuzi ni ya nyanya yako. Huyu ni mutoto ya watu. Leo utamuosha weye. Mama yake akiuliza, utasema. Asipouliza, utasema. Na akitaka uende, utaenda."

Mama mtoto alifika jioni akinukia tangawizi, chupa za chai mikononi. Nilimwosha mtoto huku nikisema, maneno yakitoka vipande vipande.

"Muda gani?" aliuliza.

"Uji ulipokuwa unaiva."

"Alilia?"

"Wenzake walipomcheka."

Aliugusa mguu kwa kidole kimoja. "Da ma kwes," alisema taratibu, kwamba hili si zuri. "Mimi nauza chai. Kuna moto, kuna maji moto. Alikaa hapo na mimi mwaka mzima, sikumfunga."

Hakusema niende, wala hakusema nibaki. Mama akanihamishia kwenye sufuria ya uji, mbali na watoto. Kila asubuhi mama mtoto alipita mbele yangu akamkabidhi binti yake kwa mwenzangu. Binti mwenyewe alikwisha kusahau. Alinijia jikoni, na kila alipokaribia moto niliita mtu amchukue. Niliita kwa lolote. Uji ukitaka kufurika niliita. Mtoto akilia mbali niliita.

"Siku hizi unaita kama muuza samaki," mwenzangu alinitania.

"Acha aite," Mama alisema. "Mbele alikuwa bubu."

Asubuhi moja, wiki nyingi baadaye, mama mtoto alichelewa. Mwenzangu alinyoosha mikono kumpokea binti. Yeye hakumpa. Alinitazama mimi, niliyekuwa na mwiko mkononi.

"Leo ana mbio sana huyu," alisema. "Ukichoka?"

"Nitaita."

"Ita nisikie."

Nikaita. Watoto wote wakageuka, mbwa wa jirani akabweka, na Mama akatoka stoo mbio, unga hadi kwenye nyusi, akiuliza nani ameungua. Mama mtoto alicheka mpaka akaweka chupa zake chini. Kisha akaja kwangu, akanipa binti yake, akaziokota chupa, akaenda sokoni bila kutazama nyuma.