Kuta Tatu za Gego

Kwa miaka thelathini na mmoja fundi aliyeitwa Mzee Nta alichonga kofia za kuvalisha meno mabovu katika karakana ya chuo cha udaktari wa meno. Zamani kila mwanafunzi alikaa naye muhula mzima, akichonga gego kwa nta mpaka vidole vipate akili. Siku hizi kompyuta ndiyo inayochonga, na wanafunzi hupita mlangoni wakimrushia shikamoo bila hata kupunguza mwendo.

Safari hii yeye ndiye aliyewafuata, akiwa mgonjwa. Gego lake la chini lilikuwa limeuliwa mshipa na mizizi yake kuzibwa. Sasa lilitakiwa kujengwa. Likikosewa litapasuka, na likipasuka litang'olewa. Upande ule hakuwa na gego lingine la kutafunia.

Aliyepangiwa kumtibu alikuwa binti wa mwaka wa nne, mchangamfu, mwepesi wa mikono.

"Babu, usiwe na wasiwasi. Nakutilia nguzo ya chuma mpaka ndani ya mzizi."

"Nguzo ya nini, mjukuu wangu? Umeliangalia lakini?"

"Jino likishakufa ni dhaifu, babu, lazima litiwe nguvu. Darasa zima tunajua hivyo."

"Basi mmepotea darasa zima."

Binti akacheka. "Wewe chonga ya wengine, lako niachie mimi. Fungua mdomo."

Akatandika kipande cha mpira cha kulitenga jino na mate, akakibana. Mzee akabaki bubu, kinywa wazi kama mlango wa ghala. Binti akachukua keekee nyembamba ya kupanulia mzizi.

Mzee alikwisha kupokea karakanani kofia nyingi zilizorudi na nguzo zake, pamoja na mizizi iliyopasuka. Nguzo hailitii jino nguvu. Kazi yake ni kushikilia kijazio pale kuta za jino zinapokuwa zimekwisha, na ili ipite, mzizi hukwanguliwa ukazidi kuwa mwembamba.

Keekee ikaanza kuimba. Mzee akamdaka binti kifundo cha mkono.

"Nimekuumiza? Si limekufa hili?"

Mzee akatikisa kichwa. Akalinyooshea kidole gego, kisha akainua vidole vitatu, akachora hewani ukuta, ukuta, ukuta.

Binti alinuna kidogo. Hata hivyo akachukua kioo, akainama, akalikagua gego kama mtu anayetaka kununua nyumba.

"Wa mbele upo," akasema taratibu. "Wa shavuni upo. Wa ulimini upo, tena mnene. Wa nyuma tu ndio umebomoka." Akaitazama keekee. "Sasa nguzo ishikilie nini?"

Mzee akafumba macho, mabega yakashuka.

Binti akairudisha keekee kwenye sinia. Akalijaza shimo tabaka kwa tabaka, akalipunguza jino juu na pembeni ili kofia ije izikumbatie kuta zote, akaweka kofia ya muda. Kisha akautoa mpira.

"Babu, mbona hukunieleza mapema?"

"Nilikueleza. Ukanipa mpira nitafune."

Akashuka kitini na gego lake, akapita katikati ya viti vya wengine. Kwenye viwili keekee nyembamba za mizizi zilikuwa zikiimba, na hakuna aliyeinua kichwa.