Turubai la Mama

Siku ile nilikuwa nafoka tangu asubuhi. Mabati ya zamani tulikuwa tumeshayashusha yote, mapya yamekwama na lori njiani kutoka Kibondo, na wingu zito lilikuwa linapanda juu ya kijiji chetu cha Heru Juu kabla ya msimu wake. Jengo lenyewe ni la matofali mabichi, mahakama ya tangu enzi za mkoloni, nasi tulitaka liwe kliniki ya mama na mtoto. Wakubwa wa wilaya walikubali shingo upande. Ukuta mmoja ukianguka, walisema, linavunjwa lote na kiwanja kinajengwa maduka.

Mama yangu angefurahi livunjwe. Mlemle walimnyang'anya shamba mwaka baba yangu alipofariki, wakampa shemeji yake. Nilipochaguliwa kusimamia ukarabati alininunia wiki nzima. "Si ukalale humo humo!" aliniambia.

Tone la kwanza likanigonga shavuni.

"Turubai! Leteni turubai, jamani!"

Mafundi walikuwa nayo mawili tu. Tukafunika kuta za mbele na za pembeni, tukabana kwa mawe. Ukuta wa nyuma ukabaki wazi. Nikaupapasa, udongo ulishaanza kunata vidoleni. Nilitaka kulia, nikaishia kumtukana dereva wa lori ambaye hata hakuwepo.

Ndipo nikamwona mama anapandisha kilima mbiombio, turubai kichwani, limejaa vumbi jeupe la muhogo. Asubuhi nilikuwa nimeliacha uani kwake, limeanikwa muhogo wake wote wa mwaka.

"Mama! Na muhogo je?"

"Umelowa. Shika huku!"

Tukavuta, yeye chini, mimi juu ya ngazi, upepo unatupokonya na mvua imeshashika kwelikweli. Nilikaza kamba mpaka kiganja kikachubuka. Ukuta ukafunikwa, nasi tukajibanza chini ya pindo la turubai, tumelowa chapachapa.

"Si ulitaka livunjwe?" nikamuuliza. Bado nilikuwa na hasira, sijui hata ya nini.

Akakamua pindo la kitenge chake.

"Siku ya kesi nilisimama mle tangu asubuhi, wewe mgongoni unalia. Hakuna hata mmoja aliyeniambia, mama, kaa." Akaugusa ukuta, akaona maji hayaufikii tena. "Mkimaliza, wekeni viti. Cha kwanza nakalia mimi."