Mianya ya Bafu la Juu

Kwa miaka tisa kazi ya Mama Tambara ilikuwa kufuta. Mafundi wanabandika vigae, wanajaza grauti, ile saruji laini, kwenye mianya iliyobaki kati yake, kisha wanasimama kujipongeza. Yeye anapiga magoti na sponji kuondoa uchafu wao. Jina hilo walimpa wao, na kila alipoomba walau chumba kimoja akifanye mwenyewe, walicheka mpaka wakashika mbavu. Haya, wacheke. Anayefuta huona mengi. Alimwona fundi wa grauti akizidisha maji kwenye ndoo ili kazi iteleze, na mwezi hauishi kabla mianya haijaingia nyufa.

Siku bafu la juu la zahanati waliyoijenga lilipovujia stoo ya dawa iliyo chini yake, msimamizi wa mafundi alifoka: vigae vyote vibanduliwe! Mama Tambara akachukua mwiko, akagonga kigae kimoja kimoja kwa mpini, akisikiliza.

"Bosi, vigae vizima, vimeshika vizuri. Kibovu ni grauti. Niachie mimi."

"Na likivuja tena?"

"Likivuja, usinione tena hapa."

Maneno yalishamtoka. Nyumbani alikuwa na watoto watatu na mama mkwe, na wote walimtegemea yeye.

Alikwangua mianya mpaka chini, akafagia vumbi lote. Akakoroga grauti nzito kama dawa ya meno, fundi wa grauti akiwa mlangoni.

"Hiyo itakuvunja mikono, mama!"

Kweli ilimuumiza mikono. Aliishindilia kwa ubao wa mpira, akiuvuta mshazari usije ukazoa kilichokwisha kuingia, mpaka kila mwanya ukashiba. Pale ukuta unapokutana na sakafu, ambapo grauti hupasuka upesi, akapaka silikoni inayonyumbuka kama mpira. Kisha akafunga mlango siku tatu, hata paka hakupita.

Siku ya nne akaziba tundu la kutolea maji, akafungulia bomba mpaka maji yakafika kwenye vifundo vya miguu. Nani alimtuma? Hakuna. Alijiamini, basi. Maji yakakaa humo kutwa kucha.

Asubuhi wote wakajaa stoo, macho darini. Msimamizi akapanda ngazi, akapapasa dari kwa kiganja, huku na kule, akarudia tena.

"Kavu," akasema, shingo upande.

Mama yule alicheka kwa sauti huku machozi yakimtiririka, wala hakuona haya.

Wakiwa bado humo, mganga mkuu akaingia. "Fundi aliyetengeneza bafu ni nani? Nina mengine matano."

Fundi wa grauti akajitokeza mbele, akiweka kola sawa. Msimamizi akamshika bega, akamrudisha nyuma taratibu.

"Fundi ni huyu mama."

Mama Tambara akafuta machozi kwa kiganja.

"Twende ukanionyeshe hayo matano, mganga," akasema fundi huyo, akatangulia kutoka.