Bati Lenye Masizi

Wezi wakitembezwa sokoni nimewaona wengi. Ila mwizi anayeomba aongezewe mzunguko nimemwona mmoja tu: Tobia.

Ni enzi za ujamaa, kijijini kwetu juu ya Soni, milimani Usambara. Tulijenga shule kwa kujitolea. Mabati yakaletwa, yakawekwa stoo, mlinzi Tobia.

Kabla hatujaezeka, nusu yakayeyuka.

Minong'ono ikaanza: mlinzi anajua. Wazee wakatamka wazi, mwizi asipopatikana, Tobia na wanawe watahama kijiji.

Siku ya soko tukamkamata na bati kichwani. Mchana kweupe! Wala hakukimbia.

Katibu wa kijiji, bwana Silvano, alifurahi mpaka nikashangaa.

"Hakuna kwenda polisi. Azungushwe sokoni na bati lake, kila mtu alione!"

Mimi nikapewa debe, nipige nyuma yake.

"Shikamoo mama Rahabu," Tobia akasalimia. "Mwizi ndiye mimi. Hebu lishike bati langu."

"Marahaba, mwizi mwenye adabu!" Mama Rahabu, muuza matunda damu, akacheka. Akaligusa. Akatazama kidole. Cheusi tii.

"We Tobia, bati la stoo limepata wapi masizi?"

"Waniuliza mimi? Mimi mwizi tu."

Machale yakanicheza. Debe nikalipiga taratibu.

Katibu kicheko kikamkauka. "Inatosha! Mtoeni!"

"Aa, ndugu katibu, upande wa vitunguu hawajaniona."

Hapo mvua ikashuka. Mvua ya Usambara siku zile ilikuwa na tabia ya kuja kusikiliza kesi. Usiyeamini, shauri yako.

Mara Dorkasi, mke wa katibu, huyoo! Kalowa chapachapa, mwiko mkononi.

"Baba Ernest! Ugali umekuwa uji! Bati la juu ya mafiga halipo!"

Soko zima likamgeukia katibu.

"Bati?" mama Rahabu akauliza. "Jiko lenu si la nyasi?"

Tobia akalitua bati.

"Jiko la nyasi hupumua, moshi hupenya paa zima. La katibu moshi wote unatokea mlangoni. Nikajiuliza, nyasi zile zimefunika nini? Asubuhi wakiwa shamba la kijiji nikapanda, nikang'oa moja, nyasi nikazirudisha."

"Sasa si ungesema?" nikamuuliza.

"Mlinzi amseme katibu? Nani angenisikiliza? Mwizi ndiye hukusanyiwa watu."

Tukaenda wote. Tukafunua nyasi. Mabati ya shule yale, yamelala yametulia kama wageni waliokaribishwa vizuri.

"Ndugu wanakijiji," katibu akanong'ona, "haya tuyamalize kimyakimya..."

Tobia akambebesha bati kichwani, polepole, kama anamvisha kofia ya harusi.

"Shikamoo, katibu. Twende. Upande wa vitunguu bado wanangoja."

Debe nililipiga mpaka likatoboka.

Wajukuu zangu mnaosoma hapa shuleni, mtu akizomewa barabarani, msikimbilie kuokota mawe. Mtafuteni kwanza aliyetoa hukumu, mkachungulie jikoni kwake moshi unatokea wapi.