Nilikimbia Tororo, Nikafungiwa Busia

Nilifungiwa jikoni kwa shangazi kwa sababu ya mume ambaye hakuwepo duniani.

Msicheke. Yalinikuta.

Mwaka 1967 nilikuwa nasoma Tororo, lakini kwetu ni Busia. Kwenye mchujo wa mbio fupi niliwaacha wenzangu wote, nikateuliwa kwenda Nairobi na kikosi cha Uganda. Enzi hizo wasichana kwenye kikosi walikuwa wa kutafuta kwa tochi.

Treni ya timu ingenichukua Tororo Jumamosi mchana. Nikaenda nyumbani kuaga.

Kumbe habari ilishatangulia. Mwalimu wetu wa michezo, Asekenye, alimtuma Rasto, mchuuzi wa vitunguu kutoka upande wa Kenya. Rasto akaifikisha hivi:

"Mzee, binti yako Taaka amekimbia huko Tororo. Asekenye anamtaka, anaenda naye Nairobi."

Kwetu, msichana akisemwa amekimbia, ameenda kwa mwanamume. Baba hakuuliza zaidi.

Nilipofika tu, alinisukumia jikoni kwa dada yake, hapo hapo uani, komeo likapigwa kwa nje. Shangazi Benedeta akakaa mlangoni akichambua mboga.

"Shangazi, nilikimbia uwanjani."

"Uwanjani, nyumbani, kukimbia ni kukimbia. Huyo Asekenye alete ng'ombe, tutaongea."

Nililia mpaka sauti ikakauka. Moshi machoni, Jumamosi inakuja, na mimi naenda kutoka mafigani hadi ukutani, narudi tena. Niliwachukia wote, hata Rasto na vitunguu vyake. Hasira hiyo bado ninayo.

Jumamosi asubuhi nikasikia sauti ya mwalimu uani. Nikachungulia kwenye ufa.

Baba alikuwa anatazama nyuma yake. "Asekenye iko wapi?"

"Ni mimi, mzee."

Baba akamkagua juu hadi chini. Mwanamke mzima, gauni la maua, mkoba begani. Rasto alisema "anamtaka", na Kiswahili nacho hakisemi nani ni mume, nani ni mke.

Mwalimu akaeleza yote: mbio, Nairobi, treni. Watu wakacheka, hata shangazi. Komeo likavutwa. Nikatoka na viatu mkononi, nimefurahi.

"Sasa bwana hakuna?" Baba akauliza.

"Hakuna, mzee. Ni mbio tu."

Baba akalitazama komeo. Kisha akanishika mkono, taratibu kabisa, akanirudisha jikoni.

"Kwa bwana, mimi ningedai ng'ombe," akamwambia mwalimu. "Hii mbio, nitadai nini?"

Komeo likarudi.

Treni ilipita Tororo bila mimi. Nafasi yangu alipewa msichana niliyemshinda kwenye mchujo, na simlaumu.

Nikisimulia haya, watu husema lile neno la Rasto ndilo lililonifunga. Mimi nilikuwepo. Nilifungwa baada ya kila mtu kuelewa.

Wenye mabinti, mkiambiwa binti amekimbia, mwulizeni anataka kufika wapi. Akishawajibu, mlango msiufunge.