Maili Ambazo Pikipiki Haikutembea

Gurudumu la nyuma lilisimama, mimi nikaendelea. Nilikuwa nateremka kuelekea Waithaka, Jumamosi saa nne asubuhi, injini inanguruma vizuri mpaka nikaanza kutabasamu. Ikapiga yowe moja fupi, ikanyamaza. Pistoni ilikuwa imeshikana na silinda. Gurudumu likaburuta barabarani kama gunia, pikipiki ikalala ubavu, na mguu wangu wa kulia ukawa chini yake. Mama mmoja aliyebeba majani ya ng'ombe alitupa mzigo wake akapiga kelele, "Msimshike hapo! Mfupa umetoka!" Ndivyo nilivyojua.

Shule niliacha darasa la nne, huko kwetu magharibi. Nilikuja Nairobi miaka michache baada ya uhuru, nikajifunza spana katika gereji moja pale Ngara, kwa kutazama tu. Lakini nilichokijua, nilikijua.

Pikipiki hiyo ilikuwa ya Kiingereza, ya zamani, silinda moja kubwa kama chungu. Mzungu wake aliiacha alipohama. Tajiri mmoja wa Waithaka, mwenye nyumba za kupangisha, akaichukua ikiwa imekufa, akaileta gerejini kwetu. Alitaka Jumamosi hiyo aingie nayo kwa wakwe wa mwanawe, siku ya kupeleka mahari. Mimi ndiye niliyeifungua mpaka nati ya mwisho. Silinda ikachongwa, nikatia pistoni mpya na ringi mpya.

Jumatatu nikaiwasha. Pikipiki za aina ile haziwashwi kwa hasira. Unabonyeza kipini cha kabureta mpaka petroli ichuruzike, unachelewesha moto wa plagi kwa mkono wa kushoto, unasukuma kiki polepole mpaka usikie pistoni iko juu, ndipo unaikanyaga kwa uzito wako wote. Ukikosea, kiki inarudi na kukutupa ukutani. Ilikubali mara ya saba. Nilifungua kifuniko cha tangi la oili kwanza, nikaona oili inarudi, kauzi kembamba kama mkojo wa mtoto. Hapo moyo ukatulia.

Mama wa chai, aliyekuwa na jiko lake mlangoni petu, akaniuliza, "Leo mmefufua marehemu?"

"Ameamka tu, mama. Kutembea ni kesho."

Injini iliyotoka kutengenezwa ni lazima izoeshwe. Maili mia tano za kwanza hupiti thelathini kwa saa, hubebi mtu, na huiachi ingurume imesimama, kwa sababu inapozwa na upepo wa safari. Tena vidole viwili havitoki kwenye klachi. Pistoni ikishika, unavuta, gurudumu linakuwa huru, unabaki na miguu yako.

Basi Jumanne mpaka Alhamisi nilizunguka. Ngara, Westlands, Kangemi, Dagoretti, Waithaka, Kawangware, mjini, tena Ngara. Nasimama ipoe, naondoka tena. Mwili wote ulikuwa unawasha. Mkono unataka kuongeza mafuta, kichwa kinakataa. Usiku nikilala miguu inaendelea kutafuta gia. Wauza maziwa walinipita na baiskeli, mitungi ikigonga. "Fundi, shuka usukume, utafika mapema!"

Alhamisi jioni saa ya maili ilisoma mia mbili na themanini. Mwenye gereji akainama, akaitazama.

"Wewe unachumbia hii kitu ama unaiendesha?"

"Mzee, haitaweza Jumamosi. Mwambie aende na gari."

"Mimi nishampa neno langu. Na yeye anapiga simu kila saa. Unataka nimwambie fundi wangu anaogopa upepo?"

Ijumaa akanituma Industrial Area kungoja vipuri vya lori, kutwa nzima. Niliporudi jioni nilipata ile pikipiki mahali pake, na saa ya maili inasoma mia tano na sita.

"Nani ameitembeza?"

"Mimi mwenyewe. Nakuru, kwenda na kurudi. Iko sawa kabisa. Kesho umpelekee, na usiniaibishe na huo mwendo wa konokono. Nataka aisikie ikikuja."

Matope ya Alhamisi yalikuwa bado yamekaukia kwenye gurudumu la mbele. Niliyaona. Sikuuliza, kwa sababu mtu aliyekupa kazi akisema amefika Nakuru, amefika. Hilo kosa ni langu na nalibeba mwenyewe. Jumamosi nikaiwasha, nikatoka, na kwa kuwa maili zilikuwa zimekwisha, vidole vikatoka kwenye klachi. Kwenye ule mteremko nikaongeza mafuta.

Mama wa chai ndiye aliyekuja hospitali. Akakaa kitandani, akazungusha kikombe mkononi, akasema, "Mwanangu, Ijumaa hiyo pikipiki haikutoka. Ilipandishwa kwenye stendi, gurudumu la nyuma juu, ikawekwa gia, likazunguka hewani tangu asubuhi. Bomba likawa jekundu kama jiko langu. Alikuwa anaimwagia maji na mkebe. Nilidhani ndivyo mnavyofanya."

Hatufanyi hivyo. Hakuna fundi anayefanya hivyo. Saa ya maili inazungushwa na gurudumu la nyuma, ndiyo maana ilihesabu; lakini ile injini ilipikwa siku nzima bila upepo, nikapewa niipande.

Mguu uliunga vibaya, ukawa mfupi. Ndio mguu wa kupiga kiki. Mwenye gereji aliwaambia mafundi wote wa Ngara kwamba nililewa mwendo, nikaua injini ya mteja. Kila gereji niliyobisha waliniambia, "Si wewe ule wa Waithaka?" Sasa natengeneza majiko ya stovu Kawangware, nimekaa. Yule tajiri hakuja hata kuniona, na yeye ndiye aliyetaka maili mia tano ziishe kabla ya Jumamosi.

Wewe mwenye gereji bado uko hai. Nakuona Jumapili, kiti cha mbele kanisani, unasalimia watu kwa mikono miwili. Sitaki pole yako. Nataka uende Ngara kwa mafundi uliowaambia, wale ambao bado wapo, umchukue na huyo tajiri asikie, useme kwa mdomo wako: zile maili mia mbili na zaidi, ni nani alizitembea, na alizitembea wapi?